Upande wa Pili wa Kaseti

3 Februari

Dada,

Salamu zako mke wangu amenifikishia, na njama zenu amenifikishia pia. Jana imemshinda kuficha. Kasema ulimwandikia mwezi uliopita ukamwomba, siku moja nikiwa kazini, afungue nyuma ya amplifaya yangu, atoe nyaya mpya za spika, arudishe zile kuukuu nilizokuwa nimezitupa stoo, kisha anyamaze kimya kama hajui lolote. Naye akafanya. Jumapili mchana mimi nikakaa kwenye kiti changu, nikaweka santuri ya kwaya, nikamwita aje asikie jinsi sauti za wanawake zilivyotengana, kila moja na mahali pake. Kumbe nasikiliza nyaya za stoo. Wiki tatu nzima nimezisikiliza, nikazisifu hadi kwa wageni.

Najua unacheka. Cheka taratibu usije ukajiunguza na hiyo kazi yako ya kulehemu redio za watu. Mtu mzima hupimwa hospitali, Dada. Hapimwi nyumbani kwake, kwa mkono wa mkewe, na dada aliye umbali wa siku nzima ya safari. Tulikubaliana tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu hatumalizi dakika mbili kabla mmoja wetu hajakata. Sasa hata barua nazo umezitilia ujanja.

Na lile ombi lako la kila mwaka, jibu ni lile lile. Kaseti ya mama haitoki kwangu, wala sikutolei nakala. Kila nakala hupoteza kitu. Upande wa pili mama aliongea akiwa mbali na kinasa sauti, na pumzi yenyewe ilikuwa imebaki kidogo. Ukitoa nakala utabaki na nini? Ni kweli kaseti aliisema kwa ajili yako, kwa kuwa kuandika hakujua. Ukasikiliza upande mmoja, ukaridhika. Ukiutaka wa pili, njoo uusikie hapa kwangu, kwenye mashine inayostahili. Kiti kipo.

Mdogo wako,
Miwani


11 Februari

Mdogo wangu Miwani,

Wifi yangu usimgombeze. Alitii amri ya fundi, na nyaya alizifunga vizuri kuliko vijana wengi waliopita hapa karakanani. Mwenye kosa ni mimi, na kosa lenyewe sijalijutia bado.

Wewe mwenyewe unaufanya mtihani huo kila siku dukani kwako. Nani alinisimulia kwamba mteja akisitasita unamwondolea lenzi, unageuka kidogo, halafu unamrudishia ile ile na kumuuliza, na hii je? Naye anakujibu kwamba hii ndiyo safi kabisa. Tumecheka kwa hadithi hiyo tangu ulipopata cheti. Wale watu si waongo. Wanataka kuona. Na wewe unataka kusikia. Tofauti ni kwamba wewe humuuzii mtu lenzi mbili kwa kosa hilo, lakini yule muuzaji wako amekuuzia vigoda vya mbao vya kuinulia nyaya zisiguse sakafu, jiwe jeusi la kuweka juu ya amplifaya ili itulie, na kalamu ya kijani ya kupaka ukingo wa CD. Jiwe, Miwani! Nilidhani unatania mpaka ulipotuma picha. Mimi natengeneza vyombo hivi kwa mwaka wa thelathini sasa, na sijawahi kuona amplifaya iliyotulizwa na jiwe.

Sasa tuje kwa mama. Umeandika kwamba niliridhika na upande mmoja. Nitakueleza mara moja, na usinilazimishe kurudia. Kaseti ilinifikia asubuhi. Nikaitia kwenye deki ya mteja, maana yangu ilikuwa mezani imefunguliwa. Zikaja salamu, kuku wa jirani, paa linavuja, yule mama wa nyumba ya pili ameolewa tena. Upande ukaisha, na mwenye deki akawa amesimama mlangoni anaitaka. Nikatia kaseti kwenye mfuko wa koti nikasema nitageuza jioni. Jioni kukawa na kazi, kesho yake vile vile. Siku ya tisa ukanipigia kwamba mama hayupo. Nilikuja nayo msibani mfukoni mwa koti lile lile, nikaiweka mezani, na wewe ukaichukua.

Tangu hapo ni miaka kumi na moja naomba dakika kumi za sauti ya mama yangu, na kitu pekee ulichonitupia ni kwamba humo ananitaja. Ananitaja vipi? Kwa wema au kwa kunilaani kwamba sikuja? Wewe unajua, mimi sijui. Najiuliza hilo kila siku ya Mungu.

Basi umeshinda. Nitakuja. Jumamosi ya mwisho ya Machi, tarehe 28. Mwambie wifi asihangaike, mimi nakula chochote.

Dada yako,
Fundi


20 Februari

Dada Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili nilikuwa nimezivua. Njoo. Tarehe 28 ni siku njema, duka nitafunga. Mke wangu amefurahi mpaka ameanza kuosha mapazia, na mimi nimekusogezea kiti, kikae katikati ya spika, mahali ambapo mimi mwenyewe hukaa.

Nataka siku hiyo umsikie mama vizuri. Upande wa kwanza hauna shida. Wa pili ndio mgumu, inabidi mtu atege sikio na ajue anachotafuta, na kanda inazidi kuchakaa. Ndiyo maana nina swali, na nakuomba ulijibu bila kunisimanga.

Muuzaji ameniletea sanduku jipya. Linasafisha santuri na CD kwa kuondoa usumaku uliojificha ndani yake. Ni zito kama tofali, linachomekwa kwenye umeme, na ukibonyeza swichi linavuma. Unaweka santuri juu yake, unaizungusha taratibu, unaiondoa huku swichi umeishikilia, basi. Maelezo yanasema uvue kwanza saa ya mkononi. Nimelijaribu kwa ile santuri ya kwaya. Nilichosikia sikwambii, usije ukamtuma mke wangu tena.

Swali ni hili, na nakuuliza kama fundi, siyo kama dada. Nikiipitisha kaseti ya mama humo kabla hujaja, kuna madhara? Maelezo yanataja santuri na CD tu. Muuzaji anasema haina neno, lakini muuzaji ni muuzaji, hilo umenifundisha. Nataka nisikie kwako.

Mdogo wako,
Miwani


27 Februari

Miwani,

Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama niko mzima. Usumaku kwenye santuri! Santuri ni plastiki, mdogo wangu. Ni sawa na kuondoa kutu kwenye ndizi.

Hilo la kuvua saa ndilo limenimaliza. Hapo ndipo ulipo usanii wenyewe. Mganga wa uongo naye hukwambia uvue viatu, ili ujue jambo kubwa linakuja. Uzito wake ni kipande cha chuma kimegandishwa ndani kwa gundi ili mkono wako uamini. Masanduku ya namna hiyo nimeyafungua mengi. Na huko kuvuma, weka kengele mbovu ya mlango ndani ya kopo, itakuvumia vizuri kuliko hilo.

Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Hilo ni sanduku tupu. Pitisha kaseti ya mama, pitisha na kofia yako, halitafanya lolote, si jema wala baya. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe hayumo.

Tutaonana tarehe 28.

Fundi


21 Machi

Miwani,

Nina haraka. Hospitali mpya ya hapa wamenipa kazi ya kufunga spika za kuitia wagonjwa kwenye korido zote, na wanataka iishe kabla ya ufunguzi. Mwezi huu siwezi kutoka hata nusu siku. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 18 Aprili, hiyo haibadiliki. Wifi aniwie radhi kwa mapazia yake.

Tumesubiri miaka kumi na moja, wiki tatu si kitu. Kaseti haiendi popote.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Usije tarehe 18. Tunapaka rangi nyumba nzima na vitu vyote viko nje ya mahali pake. Mke wangu pia hajisikii vizuri. Nitakujulisha wakati utakaofaa.

Kaseti ipo.

Miwani


16 Aprili

Wewe,

Rangi! Umekaa ukatafuta sababu, ukapata rangi. Ungesema tu kwamba nimekuudhi kwa kuahirisha nami ningeelewa, ningeomba msamaha, ningekuja na begi langu nikalala kwenye makopo ya rangi. Lakini wewe hukutaka nielewe. Ulitaka nirudi kwenye foleni.

Umeniwekea sauti ya mama juu ya kabati kama peremende ya mtoto aliyekosa adabu. Mara njoo, mara usije. Ulimuuguza wewe, najua. Ulimwosha, ulimlisha, ulimgeuza kitandani, mimi nilikuwa mbali nafunga redio za watu. Hujawahi kuniambia hata siku moja, na katika miaka hii yote hujawahi kuacha kuniambia. Kila barua yako ina hilo ndani yake, hata ukiandika habari za nyaya.

Sikujua una roho mbaya kiasi hiki. Baki na kaseti yako, na jiwe lako, na sanduku lako.

Fundi


5 Mei

Mdogo wangu,

Hujanijibu, na sasa naomba sana iwe ni kwa sababu umenikasirikia.

Juzi mteja kaniletea sanduku. Analalamika linapata moto. Anasema alinunua kwa ajili ya kusafisha santuri. Lina rangi ya fedha, ni zito kama tofali, lina swichi ya kubonyeza. Nilicheka, nikamwambia aniachie. Kisha nikachukua bisibisi, nikatoa skrubu nne, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Miwani, si tupu. Ndani mna koili nene ya shaba imezungushwa kwenye chuma, inapigwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Naijua. Nilipokuwa najifunza kazi kituo cha redio tulikuwa na mashine kama hiyo kwenye chumba cha kanda. Tuliitumia kufuta kanda zilizokwisha kutangazwa, ili zirekodiwe upya. Kabla ya kuiwasha tulivua saa, maana ilikuwa inazigandisha. Ni kweli haifanyi lolote kwa santuri. Kwa kaseti inafanya kazi moja tu. Nimeijaribu kwa kaseti ya zamani ya hapa karakanani. Sekunde tano.

Wewe uliniandikia kila kitu. Uzito, kuvuma, saa. Nimerudi kwenye barua yako nikaikuta yote imo.

Kama hujaipitisha, usiipitishe. Liondoe hilo sanduku kwenye umeme, lipeleke chumba kingine kabisa. Halafu nijibu, hata kwa mstari mmoja, hata uwe wa matusi.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Niliipitisha Jumapili ya tarehe 29 Machi.

Jumamosi nilikuwa nimefunga duka kama tulivyopatana, nikasahau kwamba huji. Jumapili nikajisemea, kwa kuwa tumepata wiki tatu za ziada, acha nimsafishe mama vizuri. Nikavua saa. Nikafanya kama ilivyoelekezwa, upande mmoja, kisha mwingine, taratibu. Nilikuwa na furaha sana siku hiyo, nataka ulijue hilo.

Nikaweka kaseti, nikakaa. Kimya. Nikadhani deki imekwama. Nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti mara nne. Nikaweka kaseti nyingine, inaongea. Nikarudisha ya mama, kimya. Hamna salamu, hamna paa, hamna kuku. Hata ule mvumo wa kanda kuukuu umepungua. Ni ukimya safi kuliko wote niliowahi kununua.

Nyumba hatukupaka rangi. Mke wangu haumwi. Nilikuficha kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo nzuri. Sikutaka ujue kwamba ni neno lako lililofanya hivi. Barua yako ya tarehe 27 Februari ninayo, nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka uendelee kuomba. Siku ukijua kaseti haipo ungeacha kuniandikia, na mimi ningebaki kuwa mtu mwenye spika nzuri.

Unadhani nilianza kununua nyaya kwa ajili ya muziki? Mimi muziki naupenda kama watu wengine tu. Nilianza mwaka ule ule aliofariki, kwa sababu upande wa pili anaongea na sauti haifiki. Siku ile alinitoa chumbani, hakutaka nisikie anachokwambia. Alikibonyeza kile kinasa sauti mwenyewe, akakiacha mbali na mdomo. Kila nilichonunua nilikinunua ili asogee kidogo. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, uliniuliza bei.

Miwani


20 Mei

Mdogo wangu,

Sijui niandike nini, na kazi za watu nimezifunga nikasema naumwa. Naumwa kweli.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kumpa mteja jibu kabla ya kushika bisibisi. Akija mtu na redio akasema imekufa, namwambia tuone kwanza. Nimewafukuza vijana wawili hapa kwa kosa la kukisia. Na wewe uliponiuliza kwa unyenyekevu, ukataja kabisa kwamba unaniuliza kama fundi, nilikujibu nimekaa kitini nikicheka. Sikukisia kwa kutojua. Ningesoma mstari ule wa saa kwa dakika moja tu, bila wewe ndani yake, ningejua. Lakini nilikuwa nataka kushinda. Nilikuwa nimeshakushinda kwa nyaya na nikaona utamu.

Nimemfuta mama kwa mdomo wangu. Sisemi hivi ili unibembeleze.

Nina ombi moja, na baada ya hili sitakuomba tena kitu. Wewe umeusikiliza upande ule kila Jumapili. Niandikie alichosema. Neno kwa neno, kama unavyolikumbuka, pamoja na mahali aliponyamaza. Na kama alinilaani, andika hivyo hivyo. Usinihurumie.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Nimeketi na ombi lako siku nyingi. Hivi ndivyo upande wa pili ulivyo.

Unaanza kwa kikohozi. Halafu anasema, "Haya, nimegeuza. Sijui kama kinanasa." Anapuliza mara mbili. Anasema, "Mwanangu, mdogo wako nimemtoa. Nimemtuma sabuni ambayo siihitaji." Ananyamaza. Kuna mlango unagonga kwa upepo, ni ule wa nyuma, uliokuwa haufungi.

Kisha, "Wanasema huji. Nimewaambia ana kazi. Mimi ndiye niliyekwambia usirudi mikono mitupu, basi kama umenisikiliza, kosa ni langu." Anakunywa maji, glasi inasikika ikigusa meza.

Hapo anakohoa kwa muda mrefu. Anasema, "Nilikukasirikia. Mwezi mzima nilikukasirikia, halafu ikaisha."

Analalamika blanketi linawasha. Anasema, "Huyu mdogo wako ana mkono mzito, ananigeuza kama gunia. Lakini hachoki. Nimeona." Ananyamaza tena. Anasema, "Ukija, sawa. Usipokuja, sawa. Wewe kula tu."

Halafu anatafuta kitufe cha kuzimia na hakioni. Anakitafuta kwa dakika tatu, unasikia kucha zake kwenye plastiki, na anajisemea maneno yasiyosikika, mpaka kanda inaisha yenyewe.

Miwani


9 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma kwa machozi, na nimeisoma na macho makavu. Nakushukuru. Sabuni ambayo haihitaji, huyo ni mama mtupu. Mikono mitupu, hapo pia ni yeye. Alinishika mabega stendi ya basi akaniambia hivyo hivyo. Kitufe kimeniua kabisa. Nilitaka kuinuka nimsaidie.

Lakini kuna mstari mmoja ambao kila nikiufikia nasimama. Ule wa mwezi mzima, na kwamba ikaisha. Mama hakuwa akisema hivyo. Mama hakuwahi kukiri kwamba amekasirika. Aliosha vyombo kwa kelele, na wewe ukajua mwenyewe. Sikumbuki hata siku moja aliposema hasira yake imekwisha. Ni mstari ninaouhitaji kuliko yote, na ndiyo maana siuamini. Unatosha sana. Ni kama mtu amenipima mguu kabla ya kunishonea kiatu.

Kazi yangu ni kufungua vitu nione kilichomo. Hapa hakuna skrubu. Kuna mwandiko wako tu. Nimeuangalia kama umetetemeka mahali pale, haujatetemeka.

Kama umeniandikia kwa kunihurumia, ni wema mkubwa kuliko ninaostahili, na sitakugombeza. Lakini niambie. Hayo maneno ni ya mama, au ni yako?

Dada yako


17 Juni

Dada,

Nilitaka kukujibu kwa neno moja, ya mama, nifunge bahasha. Niliiandika hata barua yenyewe. Mke wangu kaisoma akaniuliza kama nina hakika, nikaichana.

Miaka ya mwanzo, mahali pale palikuwa na kikohozi na baada yake pumzi ndefu. Basi. Nilipoleta spika kubwa nikaanza kusikia "nilikukasirikia". Nililisikia wazi, Jumapili baada ya Jumapili, na kwa miaka minne nilikaa nalo peke yangu na lilinifurahisha. Mungu anisamehe, lilinifurahisha. Nilijisemea, hata yeye aliliona kosa lako la kutokuja.

Mwaka juzi nikanunua amplifaya hii ya sasa, na Jumapili ile ile ya kwanza nikasikia na mwisho wake, kwamba ikaisha. Nililia kama mtoto. Nikamwita mke wangu, nikamkalisha kwenye kiti, nikamrudishia mahali pale mara sita. Akasema anasikia kikohozi. Nikamwambia hana masikio ya kusikilizia.

Na lile la kwamba mkono wangu ni mzito lakini sichoki, na kwamba ameona, hilo nalo lilikuja na amplifaya. Kabla yake palikuwa na blanketi tu.

Sikukudanganya katika barua ile. Nimekuandikia nilichokuwa nasikia, chote, bila kuongeza. Ila ukiniuliza kama mama alikisema, siwezi kukuapia. Yaliyo yake na yaliyo yangu nimeyasikiliza pamoja kwa muda mrefu mno, na sasa yana sauti moja. Kaseti ndiyo iliyokuwa inajua. Wewe na deki yako ya karakanani mngetegua kitendawili hiki kwa dakika kumi, bila spika kubwa, bila kiti.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Wala usije.

Mimi nimeshachagua kwamba alisema. Wewe, nikujuavyo, utabaki na kikohozi.

Mdogo wako